Ulichoniuliza Juu ya Kichaka

Wawira, mama,

Leo mchana uliniuliza mbele ya watu nimeficha nini kwenye kile kichaka cha kijitoni. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao kama mjinga. Sikukujibu. Hili ndilo jibu, na ni refu kidogo, kwa hiyo kaa kitandani kwanza, uache huo mkoba.

Watu wa maombi wameenda. Mama yako na shangazi yako wako nje wanasugua sufuria na kukusifu kwa sauti wakidhani husikii. Wewe uko chumbani unapanga na kupangua, nasikia zipu ikifunguka mara ya nne sasa. Mimi niko hapa sebuleni karibu na dirisha, jua bado halijaingia nyuma ya mlima, na nataka kumaliza kabla hatujaitwa kula.

Mambo ya blanketi na dawa ya mbu mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, sitaongeza. Ya wanaume wa Kakamega, huko chuoni uendako kesho, baba mdogo wako Njeru aliyamaliza kwenye hotuba yake, akajipigia makofi mwenyewe. Yangu ni mengine.

Usishangae nikikuandikia Kiswahili. Kiembu ndicho ninachokugombezea, na ndicho nilichokuimbia ulipopata surua ukakaa siku tatu hufungui macho. Nikikianza nitalia kabla ya ukurasa wa pili, halafu mama yako aingie aniulize kuna nini. Kiswahili ni cha kazini. Nimekitumia miaka yote kuwapanga madereva na wapishi na walinzi wa msitu, kinanisaidia kusimama wima.

Basi leo. Njeru alikuja na panga saa tano, mchungaji akiwa bado njiani. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii ni aibu. Watu wanakuja kumwombea msichana na huku chini ni msitu. Nipe nusu saa tu, nitapafanya pang'ae." Nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikaketi mbele ya kichaka. Nikamwambia akikata hata kijiti kimoja atakula ugali kwake leo. Mama yako akaja na mwiko mkononi akisema nyoka atatoka humo amuume mchungaji. Na ndipo ukatokea wewe, umevaa ile nguo ya manjano, ukasema, "Baba, kwani umeficha nini huko? Bibi wa pili?"

Hata wale kina mama wa kanisa walishindwa kujizuia. Ulinichekesha, mama. Lakini swali lenyewe halijaniacha hadi sasa.

Ngoja nianze mbali, ndiyo njia ninayoiweza.

Unajua nilianza kazi hii ya kuongoza wageni kwa kupika. Kampuni ilikuwa inaleta wageni wa ndege, wale wanaokuja kutazama ndege wa porini, na mimi nilikuwa mtu wa sufuria na hema. Wageni wa ndege si kama wageni wa simba. Wa simba anataka kupiga picha akalale. Wa ndege anaamka saa kumi na moja, anasimama kwenye baridi saa nzima akitazama tawi lisilo na kitu, halafu anakushukuru. Mwanzoni niliwaona kama wagonjwa. Lakini nilikuwa nikipika huku nasikiliza, na jioni nikawa naazima kitabu chao cha picha nikisoma majina kwenye mwanga wa jiko. Halafu mwongozaji wao akashikwa na malaria tukiwa Kangeta, akawa anatetemeka nyuma ya gari katikati ya wauza miraa. Bosi akaangalia huku na huku, akanionyesha kidole. "Wewe mpishi, si unajua majina? Utawapeleka."

Safari yenyewe ilikuwa ile ile niliyokuja kuifanya miaka yote. Siku ya kwanza msitu ulio juu ya Kinoru, ndani ya ukungu, mkiwatafuta shorobo, wale wa kijani ambao wakiruka ndipo unaona wekundu wa mabawa. Siku ya pili kushuka hadi joto la mbugani, ambako kanga wenye shingo ya buluu wanakimbia mbele ya gari kama wanafunzi waliochelewa. Halafu kupanda tena hadi msitu wa Irangi, kisha bondeni kwetu huku upande wa Karurumo kunyoosha miguu na kunywa chai, na mwisho Mbeere kwenye miba na mizinga ya nyuki.

Na kila jioni baada ya chakula kulikuwa na orodha. Utaijua sana huko uendako. Mwongozaji anasoma jina la kila ndege kwa sauti, mmoja mmoja, na kila mgeni anasema ameona au hajaona. Aliyesikia tu anaweka alama nyingine. Hakuna anayekagua. Unaweza kusema umeona tai wa dhahabu na hakuna mtu atakayekushika. Ni neno lako tu.

Siku yangu ya kwanza kule Irangi, ndege aliita ndani ya mianzi. Kulikuwa na mama mmoja mzee anayetembelea fimbo, mwembamba, macho makali. Akaniuliza, "Huyo ni nani?" Sikumjua, Wawira. Hata kidogo. Lakini nilikuwa nimevaa kofia ya mwongozaji na bosi alikuwa nyuma yangu, basi nikataja jina nililokuwa nimelisoma jana yake, tena kwa sauti nzito. Jioni nikalisoma kwenye orodha. Wengine wote wakaweka alama. Mama wa fimbo akafunika kalamu yake, akasema polepole, "Andika kwamba wewe umesikia. Mimi sijui nilichosikia."

Nilikasirika! Niliona ameniaibisha mbele ya watu. Kesho yake asubuhi nilimpelekea chai iliyopoa, makusudi kabisa, na akainywa yote akasema asante. Nilihitaji miaka kuelewa kwamba alikuwa amenipa nafasi ya kusema sikujua, na mimi nikaipita.

Hiyo nimekueleza ili ujue kwamba ugonjwa wangu ni wa zamani. Mimi ni mtu anayeogopa kuonekana mpumbavu. Hasira yangu yote unayoijua, kelele zote za nyumba hii, ukizichambua utakuta ni hofu hiyo tu imevaa koti.

Sasa twende kwa kamati.

Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimekutuma kijitoni kufungua mbuzi, na ukarudi mbio na kamba mkononi bila mbuzi. Ukaniambia, "Baba, kuna kamati ya ndege kule kwa lantana! Wote wanaongea na hakuna anayesikiliza!" Ulikuwa umeniona nikirudi na hasira kwenye mikutano ya kiwanda cha kahawa, hapo ndipo ulipolitoa hilo neno. Nikakwambia hao ni ndege wa kawaida tu, kalete mbuzi. Siku ya pili ukaniambia tena. Ukasema wana macho mekundu na kila mmoja ana mabaka meupe yake, hakuna aliyefanana na mwenzake. Nikakwambia niache nisome gazeti. Siku ya tatu uliniambia huku ukinishika kidole, ukanivuta.

Nilikwenda nikichechemea kwa kujifanya, nikalala kifudifudi kando yako kwenye matope, na nikawaona. Sita. Weusi wenye magamba meupe kama mtu aliyemwagikiwa na unga, wanarukaruka chini ya kile kichaka cha lantana, wanapekua majani, wanapayuka wote kwa pamoja. Niliwajua hapo hapo. Ndege ambao mtu anatoka ng'ambo ya dunia kuja kuwatafuta, kwa sababu nje ya nchi hii hawako popote, na hata humu ndani wako kwenye mabonde machache ya namna yetu. Nilikuwa nimewatafuta miaka mitano kwa wageni, na walikuwa wanakula wadudu chini ya kahawa yangu.

Ukaninong'oneza, "Si nilikwambia?"

Wiki hiyo nikampigia bosi simu. Unajua nilimwambiaje? Nilimwambia, "Nimewapata." Mimi. Sikutaja jina lako. Bosi akafurahi mno, akasema safari ijayo wageni wataletwa bondeni kwetu kwa ajili yao tu, na kama watawaona, shamba letu litakuwa kituo cha kudumu na mimi nitakuwa mwongozaji mkuu. Mwaka mzima ukapita kabla ya safari hiyo, na mwaka huo wote wewe ulikuwa ukienda pale kila ukitoka shule. Ulijua wanapolala. Ulijua kiota chao na ulikaa mbali nacho, hatua ishirini, ulihesabu mwenyewe. Ulinifundisha kwamba wote wanalisha watoto wa kiota kimoja, si mama na baba peke yao, hata wajomba wanaleta. Mimi nilikuwa nimekisoma hicho kwenye kitabu, lakini wewe ulikuwa umekiona.

Halafu wageni wakakaribia, na mimi nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa hapa kwetu angelifanya. Niliona aibu kwa sababu ya kichaka.

Fikiria, wazungu sita na bosi wa Nairobi wanakuja nyumbani kwako, na unawaonyesha lantana na takataka? Huko tulikolelewa mgeni hakuti majani uani. Nikamwita Njeru. Tulifyeka siku mbili. Tuling'oa mashina, tukachoma, tukafagia. Tukaweka benchi mbili ili wazee wakae wakiwatazama ndege vizuri. Tukapanga mawe kando ya njia tukayapaka chokaa kama kwa chifu. Mama yako akaleta maua kwenye mikebe ya rangi. Palipendeza, Wawira! Nilisimama pale nikiwa nimeshika kiuno, najiona mtu.

Ukaja kutoka shule na begi mgongoni. Ukasimama. Ukatazama mawe meupe, ukatazama majivu, ukaniuliza, "Baba, na kamati watakaa wapi?"

Nikakujibu, "Watakaa juu ya miti kama ndege wengine." Nikakutuma maji.

Mtoto wa miaka minane aliniambia, na nilimtuma maji. Hilo peke yake ningeweza kuishi nalo, kwa sababu ni ujinga, na ujinga ninao wa kutosha. Lililofuata si ujinga.

Walifika asubuhi ya siku ya nne, wametoka Irangi wakiwa na furaha. Mama wa fimbo alikuwa mmoja wao, amezeeka zaidi, bado na macho yale. Walikaa kwenye benchi. Wewe ulikuwa umevaa sare yako ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, umebeba sinia ya ndizi. Saa moja ikapita. Saa ya pili. Hata ndege shore hakulia. Bosi akawa anatazama saa yake, halafu ananitazama mimi. Nilianza kutoka jasho. Mwishowe akaniuliza mbele yao wote, "Wako wapi hawa ndege uliotuitia?"

Na mimi nikanyoosha mkono nikakuonyesha wewe. Nikasema, "Ni huyu mtoto. Kila siku yuko hapa anawasumbua. Amewafukuza."

Nililisema kwa Kiingereza, halafu nikakurudilia kwa Kiswahili kwa ukali ili waone nimekasirika kweli. Hukulia. Uliiweka sinia chini taratibu ndizi zisianguke, ukawatazama wale wageni, ukawaambia "sorry" kama ulivyofundishwa shuleni, ukapanda nyumbani ukipita kando ya mawe yangu meupe. Hukuyakanyaga hata moja.

Mama wa fimbo alitazama ardhi iliyofagiwa. Akagusa shina moja lililokatwa kwa ncha ya fimbo yake, likiwa bado bichi. Jioni hiyo kambini Mbeere niliposoma jina lao kwenye orodha, wageni wote walisema hawajaona, na yeye akaongeza, "Mtoto wako alituomba msamaha. Umempa jibu gani?" Nikageuza ukurasa nikasoma ndege anayefuata.

Kituo cha kudumu hakikuwa. Mwongozaji mkuu akawa mtu mwingine. Hayo yalipita na sikuyajali sana. Lakini nilikuona wewe. Ulianza kwenda kuteka maji kwa njia ya juu, ya kuzunguka kwa shule, na ni mbali mara mbili. Ukipita karibu na kichaka chochote, hata cha jirani, ulikuwa ukitembea kwa ncha za vidole. Uliacha kuniambia mambo ya ndege. Mama yako akasema, "Huyu mtoto ana nini?" na mimi, Mungu anisamehe, nikasema labda anakua.

Nilijiambia utasahau. Watoto husahau, nilijiambia. Halafu nikajiambia nitakuambia ukimaliza darasa la nane. Halafu ukimaliza sekondari. Nilianza kuliacha lile bonde liote tena bila kumweleza mtu, nikayabeba mawe moja moja nikayatupa kijitoni, mabenchi nikayafanya kuni. Mama yako alidhani ni uvivu wa uzee. Kila mwaka ananigombeza juu ya nyoka, na kila mwaka namwambia nitafyeka mwezi ujao.

Na Februari mwaka huu ukaniletea ile barua ya kuomba chuo. Ulitaka nikusahihishie kabla ya kuituma. Nikachukua kalamu nyekundu, nimejaa kiburi, mtoto wangu anataka kuwa mwongozaji kama mimi. Nikafika kwenye mstari wa tatu. Umeandika: "Nilipokuwa na miaka minane niliwasumbua ndege adimu wa bonde letu mpaka wakahama, na tangu siku hiyo nimetaka kujifunza jinsi ya kuwatunza."

Miaka kumi na miwili, mama. Ulikuwa umelibeba miaka kumi na miwili, na uliliandika bila kulalamika, kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa.

Ulikuwa umesimama hapo mlangoni ukisubiri. Ukaniuliza, "Baba, iko sawa?" Nilikuwa na nafasi hapo, mimi na wewe peke yetu, mama yako yuko sokoni. Unajua nilifanya nini? Niliongeza koma baada ya "minane". Nikakurudishia. Nikasema, "Iko sawa."

Nimeongopa mara nyingi maishani, lakini hakuna uongo unaoniuma kama ile koma.

Nilijitafutia sababu pia, nitakuambia hata hiyo ili usibaki na kitu cha kugundua baadaye. Nilijiambia kwamba uongo wangu umezaa mema, umekufanya upende kazi hii, nikiutoa sasa utabaki na nini? Nimeizungusha hiyo kichwani tangu Februari na nimeona ni upuuzi mtupu. Uliwapenda kabla sijasema neno. Uliwapa jina ukiwa na miaka saba na kamba ya mbuzi mkononi. Mimi sikukupa hiyo, niliikanyaga tu, na ikaota tena bila msaada wangu.

Ile kazi nitakuambia jambo moja juu yake, halafu ninyamaze. Utakosea. Utataja jina la ndege si lake, utawapeleka watu saa tatu kwenye matope waone mkia wa panya. Hayo wageni husamehe, hata hupenda. Ila siku utakaposimama mbele ya watu na aibu ikakupanda usoni, angalia mkono wako unataka kumwonyesha nani. Mimi sikuuangalia wangu.

Sasa jibu la swali lako. Nimeficha nini kwenye kichaka?

Mvua ndefu ya mwaka huu ilipokuwa inaisha, nilikuwa nakamua ng'ombe nikasikia mkutano. Nikaacha maziwa, paka akayanywa nusu, ndiyo ile siku mama yako alinifokea. Nikateremka na gambuti zangu za mpira nikalala kwenye matope, mzee mzima, magoti yakilia. Wamerudi, Wawira. Watano. Wana kiota ndani kabisa, upande wa migomba, na wote watano wanaleta chakula. Tangu siku hiyo naenda kila asubuhi. Mama yako anadhani naenda kutafuna muguka, miraa ya huku kwetu, kwa siri. Wewe ulidhani nina shida ya tumbo, ukaniletea dawa, nikaimeza.

Sikukuambia. Ulikuwa hapa nyumbani miezi yote hii na ndege wako wako chini ya kahawa, na niliwaficha. Kwa sababu nikikuambia wamerudi, ungeniuliza walikwenda kwa nini. Niliwachukua kwako mara ya kwanza kwa panga, na mara ya pili kwa kunyamaza. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Nisamehe. Hukuwafukuza wewe. Hukuwahi kuwafukuza. Nililitamka lile neno mbele ya watu, na kesho mbele ya baba mdogo wako na mama yako, kabla hujapanda gari, nitalifuta mbele ya watu. Mama yako nitamweleza leo baada ya chakula. Atanifanya nilale kwa mbuzi, na ni haki yake.

Kwenye bahasha hii nimeweka ukurasa wa daftari langu la siku ile. Nilikuwa nimeandika: "Hawakuonekana. Mtoto aliwasumbua." Nimeipiga mstari. Chini yake nimeandika kwa ile kalamu nyekundu: "Kichaka kilifyekwa na mimi. Wa kwanza kuwaona bondeni ni Wawira, miaka saba. Aliniambia mara tatu." Upeleke chuoni ukitaka, au uuchome. Ila wakikuuliza huko ulianzaje, usiwaambie tena ile ya kuwasumbua. Waambie ulimwonyesha baba yako ndege aliokuwa amewatafuta miaka mitano.

Gari linakuja saa moja. Kamati huanza mkutano saa kumi na mbili na nusu, jua likigusa majani ya juu. Nimegeuza ndoo mbili upande wa migomba, hatua ishirini kutoka kwenye kiota, nimezihesabu kama ulivyonifundisha. Ya buluu ni yako. Chai itakuwa kwenye chupa, na itakuwa ya moto. Vaa gambuti, viatu vya safari viache mlangoni, kuna umande.

Ukiona hutaki kukaa karibu na mimi kesho, niambie tu, au usiniambie, nitaona. Nitabaki jikoni na utateremka peke yako, sitakuuliza neno. Ni ndege wako. Na ukiwa na hasira, mama, njoo nayo yote, unayo haki. Ila unigombeze kwa sauti ya chini, wanalisha watoto.

Nakusubiri kwenye ndoo,

Baba yako